Kuotesha kiti shambani: kwa nini Tabora tusianze na mninga

Kila nikimweleza mtu hapa Tabora kwamba kiti kinaweza kuoteshwa shambani kikaja na miguu, egemeo na mikono yake bila kupigwa randa wala msumari, swali la kwanza huwa ni lilelile: "Kwa hiyo umepanda mninga?" Ni swali la haki. Huku kwetu mninga ndio kipimo cha samani. Kitanda cha bibi harusi ni mninga, mlango wa mbele ni mninga, na fundi akikuletea kabati la mti mwingine atakueleza sababu kabla hujamuuliza. Hata mimi nilianza na mninga, na kosa hilo lilinigharimu misimu mitatu ya mvua. Nataka kulieleza vizuri, maana ndani yake ndimo ulimo ugumu wote wa kuchagua mti wa kazi hii. Sifa zinazoupa mti jina kwenye duka la mbao, karibu zote hazikusaidii mti huo ukiwa hai, una umri wa miaka minne au mitano, na wewe unataka ukubali kupindwa.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Unapanda miche kadhaa kwa kufuata nafasi za miguu ya kiti, au mche mmoja utakaotoa matawi. Katikati yake unasimamisha kiunzi cha fito au mianzi chenye umbo unalolitaka. Machipukizi yakiwa bado laini unayalaza kidogo kidogo juu ya kiunzi na kuyafunga. Pale mawili yanapokutana unayabana mpaka yashikane yawe mti mmoja. Kisha unayaacha yanenepe. Yakifikia unene wa kubeba mtu unakata chini, unakausha kivulini, na kiti chako hakina kiungo cha kulegea kwa sababu hakina kiungo kabisa.

Watu wamelifanya hili zamani. John Krubsack wa Embarrass, katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, aliotesha mbegu mwaka 1903, akapanda miche yake kwa mpangilio wa kiti mwaka 1907, akaikunja na kuiunganisha, na mwaka 1914 akakikata kiti chake. Mti aliotumia ni Acer negundo, mti unaokua haraka ambao mbao zake ni laini na hazina sifa kubwa hata huko kwao. Uingereza, katika eneo la Derbyshire, Gavin Munro ameotesha viti na taa kwa miaka mingi tangu 2006, na mti aliouegemea sana ni wa jamii ya mierebi, ile ambayo Biblia huitaja kandokando ya maji na ambayo Wazungu huisukia vikapu. Thailand, Nirandr Boonnetr alianza kiti chake cha kwanza mwaka 1983 kwa mpera. Mpera huuhuu wetu wa uani.

Tazama miti hiyo mitatu. Hakuna ambao fundi seremala angeupigania mnadani. Yenye kusuka vikapu, yenye kuota upesi, yenye matunda ya watoto: hiyo ndiyo iliyozaa viti. Sababu iko chini ya gome.

Chukua tawi bichi la mpera mwezi Desemba, mvua zikiwa zimekolea, ulikwangue gome kwa kisu. Utagusa utando unaoteleza kama ute wa bamia. Utando huo huitwa kambiamu, na ndio mahali pekee ambapo shina hunenepa: upande wa ndani hutengeneza ubao, upande wa nje hutengeneza gome. Ukiyakwangua matawi mawili, ukayalaza kambiamu juu ya kambiamu na kuyakaza kwa mkanda wa tyubu ya baiskeli yasitikisike, seli zake hushikana. Msimu unaofuata mti huweka safu mpya ya ubao inayoyazunguka yote mawili, na kuanzia hapo maji na chakula hupita humo kama njia moja. Anayebebesha miembe kwenye kitalu anafanya jambo hilohilo. Tofauti ni kwamba yeye anapachika kikonyo kilichokatwa, ambacho kisiposhika hukauka. Sisi tunaunganisha matawi ambayo kila moja bado lina mizizi yake, kwa hiyo ukikosea hupotezi mti, unapoteza msimu tu. Krubsack alifika hatua ya kukata mashina mengine yote chini na kubakiza manne ya miguu, na kiti kizima kikaendelea kuishi kwa mizizi ya hayo manne.

Hapo tayari kuna mchujo. Mti wenye gome jembamba hushika upesi. Mwingine hujiunganisha wenyewe kwa kusuguana tu upepo unapovuma. Wenye gome nene lililopasukapasuka unahitaji kuchimbwa mpaka kwenye ute, na kipande cha gome kikisalia katikati, kinabaki humo kama kabari. Vilevile unaunganisha mti na wa aina yake: mpera na mpera, mrumba na mrumba. Na kuna mimea ambayo haina kambiamu kabisa. Ndugu yangu mmoja wa Kigoma aliniuliza kwa nini wao wasitumie michikichi, maana kwao imejaa mpaka kwenye mitaro. Mchikichi, mnazi na mianzi zina nyuzi zilizotawanyika ndani ya shina zima, hazina utando wa kunenepesha. Unaweza kuifunga michikichi miwili kifua kwa kifua kwa miaka 40, na siku ya kuifungua itakuwa miwili. Mianzi ni bora kwa kiunzi, basi.

Sasa nirudi kwenye mninga wangu. Nilipanda miche 12 mwanzo wa Desemba. Aprili ilikuwa na majani mazuri. Julai vishina vyote vilikuwa vimekauka mpaka kwenye udongo. Nikawatuhumu mbuzi wa jirani, kisha nikawatuhumu mchwa, nikapanda tena. Mwaka wa pili hali ikawa ileile. Mwaka wa tatu mzee mmoja jirani, aliyerina asali porini tangu ujana wake, alinikuta nikiing'oa ile iliyokufa.

"Chini umetazama, mwanangu?"

"Shikamoo mzee. Chini kuna nini, imeshakufa."

"Marahaba. Chimba kwanza."

Alichukua jembe mwenyewe, akafukua taratibu pembeni ya kile kijiti kikavu. Chini kulikuwa na mzizi mnene kama muhogo mchanga, mbichi, uliotoa utomvu mwekundu alipoupara kwa ukucha. "Mninga unajenga chini kwanza," akasema. "Huku juu unajaribu tu."

Alikuwa sahihi kabisa. Mche wa mninga hufa juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa mfululizo, huku mzizi ukiweka akiba. Ni akili ya msitu wa miombo, ambako mvua hunyesha Novemba mpaka Aprili, kisha inafuata miezi sita ya ukavu na moto. Mzizi ukishajitosheleza, mti hupandisha shina moja lililonyooka kwa kasi ili kichwa kivuke urefu wa moto. Kwa mwenye kutaka mbao hiyo ni baraka. Kwa mwenye kutaka kiti, ni miaka mingi ya kutopata kitu cha kupinda, kisha ghafla unapata nguzo isiyotaka kupindwa.

Na hata ukifaulu, hupati mninga unaoujua. Hoja hii ndiyo inayowashinda wengi, kwa hiyo niiseme polepole. Ile rangi ya kahawia yenye mistari, ile harufu, ule ugumu unaowashinda mchwa, vyote vimo kwenye kiini cha mti. Kiini ni ubao wa zamani uliokwisha kuacha kupitisha maji, ambao mti umeujaza kemikali za kujilinda. Unaouzunguka ni ubao mweupe, wa nje, ulio hai, wenye wanga ndani yake. Fundi anapopasua gogo la mninga huutupa huo weupe, kwa sababu bungua wanaupenda kuliko chochote. Sasa mguu wa kiti cha kuoteshwa una unene wa kifundo cha mkono. Wote ni mweupe. Ungeketi miaka 15 ukingojea kiti cha mninga, na siku ya kukikata ungepata kiti cheupe ambacho hakuna fundi wa Tabora angekitambua. Mkora na mpingo ni vivyo hivyo, tena mpingo una miiba na huenda taratibu mno. Jedwali lolote linalopanga miti kwa uimara wa mbao zake linazungumzia kiini cha mti mzima. Kwetu halituhusu. Na miti hiyo porini inalindwa, kuivuna kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Msitu umeshabeba mzigo wa mabani ya kukaushia tumbaku na wa mkaa, tusiuongezee wa majaribio yetu.

Basi tunaujuaje mti unaofaa? Mimi siku hizi nawatazama watoto. Mtoto akitaka panda ya manati haendi kwenye mninga wala kwenye mkaratusi, anaupanda mpera. Anajua bila kufundishwa kwamba panda ya mpera haichaniki pale matawi mawili yanapogawanyika, hata mpira ukivutwa mpaka sikioni. Kiti chote ni panda juu ya panda. Mti ambao panda yake ni dhaifu utakuangusha siku mgeni mzito atakapoegemea.

Mpera ndio niliouchagua, na sijaujutia. Gome lake ni jembamba, hubanduka lenyewe kama karatasi, na maungo yake hushika vizuri. Chipukizi la msimu mmoja unalipinda kwa vidole. Ubao ni mzito na wenye chembe za karibu karibu, ndio maana unapendwa kwa mipini, na hata ukiwa mchanga una nguvu ya kutosha. Haukui mkubwa ukakushinda. Ukikatwa huchipua kisikini, kwa hiyo kiti cha pili kinaanza na mizizi iliyokwisha kukomaa. Na unapongojea unakula mapera.

Una tabia moja ya kukuchosha, nayo inatoka kwenye sheria inayoihusu miti yote. Tawi lililosimama hupewa nguvu, lililolazwa hupunguziwa, na lililoelekezwa chini karibu hunyimwa. Ukililaza tawi la mpera liwe ukingo wa kikalio, macho ya upande wa juu yanaamka yote na kupandisha machipukizi wima kama askari gwaride. Ukiyaacha wiki tatu, yamekula nguvu yote na ncha uliyoipinda imedumaa. Kwa hiyo wakati wa mvua ninapita kila baada ya siku chache kuyang'oa kwa kidole gumba yakiwa na ukubwa wa punje ya mahindi. Hayahitaji kisu yakiwa hivyo, na hayaachi kovu. Ncha ya kila tawi ninaiacha inyanyuke kidogo juu, na majani yake yabaki, kwa sababu tawi lisilo na majani yake lenyewe halinenepi. Sheria hii pia ndiyo inayowafanya Munro na wenzake waoteshe kiti kichwa chini: egemeo linaanzia karibu na udongo, kikalio kinafuata, na miguu inamalizikia juu ikitazama jua. Mti haulazimishwi kushuka mahali popote. Nilipoielewa hiyo nilibomoa viunzi vyangu viwili na kuanza upya.

Mti wa pili ningesema ni mforsadi. Kwa wepesi wa kupinda ndio unaoikaribia mierebi kuliko mti wowote ninaoujua hapa: kijiti ukikichomeka kwenye udongo wenye unyevu kinatoa mizizi, machipukizi ni marefu na laini, na ubao wake hauvunjiki kirahisi. India na Pakistani hutengenezea magongo ya hoki kwa mforsadi, na gongo la hoki linapigwa kuliko kiti chochote. Shida yake hapa ni kiangazi. Bila ndoo ya maji mwezi Septemba unasinyaa, na mbuzi wanaupenda majani kupita kiasi. Mwenye kisima na uzio aufikirie kabla ya mpera.

Gilirisidia, ambayo wakulima wengi wa mkoa huu wanaijua kwa uzio hai na kwa kurutubisha mashamba ya mahindi, huota kwa fito, huchipua bila kuchoka na ubao wake unawakera mchwa. Ningeitumia kwa benchi la nje lisilo na mikunjo mikali. Majani na gome lake lakini vina sumu kwa panya na kwa baadhi ya mifugo, usiiweke mahali mtoto anayeota meno atakapotafuna.

Mingine niipitie haraka. Mkaratusi unakua kama unafukuzwa, lakini shina lake lina mkazo ndani, ukilikata linapasuka lenyewe kuanzia ncha. Msonobari ukiukata hauchipui tena. Mwembe unaunganika vizuri sana, sote tunajua, ila ubao wake mweupe huingia ukungu na bungua mapema. Mdimu na mchungwa zinafaa kwa mtu mwenye subira na glavu. Mnyaa usiuguse kwa kazi hii hata kidogo, pamoja na kwamba unaota kila uzio. Utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kupofusha, na hapa tunazungumzia kitu cha kukalia.

Kuna mti mmoja nimeuacha makusudi, mrumba, wa jamii moja na mkuyu. Kwa kuungana hauna mpinzani. Matawi yake yakigusana tu yanaanza kunyonyana, na gogo zima la mkono likichomekwa ardhini linaota. Ubao wake hata hivyo ni laini, ukikaukia ndani ya nyumba unabunguliwa mpaka unabaki unga. Mrumba basi ni wa kiti kisichokatwa. Huko Meghalaya, kaskazini mashariki mwa India, Wakhasi huelekeza mizizi ya mti wa jamii hiyohiyo, Ficus elastica, ivuke mito mpaka iwe madaraja, na madaraja hayo huzidi kuwa imara kadiri miaka inavyopita kwa sababu yako hai. Benchi la mrumba mbele ya zahanati au shule, lenye kivuli chake lenyewe, ni jambo ambalo kijiji chochote cha Uyui au Sikonge kingeweza kulianza msimu huu kwa panga, kamba na fito sita. Amua hilo kabla ya kuchagua mti: unataka kiti cha kukata au cha kuacha? Anayetaka cha kukata aujali ubao. Anayetaka cha kuacha aujali uhai, na afya ya mzizi, na kivuli.

Kwa cha kukata, lipo jambo moja zaidi. Mti uliolazwa haukubali kimyakimya. Miti ya majani mapana hujijengea nyuzi za kuvuta upande wa juu wa mkunjo ili ujinyanyue. Misonobari hujenga upande wa chini ili ujisukume. Ubao wa aina hiyo ukikauka husinyaa kwa urefu kuliko ubao wa kawaida, na tawi linataka kujikunja tena. Ndiyo maana siku ya kukata hatukitoi kiti kwenye kiunzi. Tunakata juu kidogo ya mizizi, tunakibeba na kiunzi chake, tunapaka nta ya nyuki kwenye ncha zote zilizokatwa, na tunakining'iniza kivulini. Kabla ya hapo mimi nitakizamisha kwenye bwawa kwa wiki kadhaa, kama watu wanavyoloweka mianzi. Maji hupunguza ule wanga ambao bungua wanaufuata. Kisha boraksi, ile chumvi ya kuzuia wadudu, kisha kivuli tena, tena kwa muda mrefu. Kiti kizima chenye gome hakikauki kwa kasi ya ubao uliopasuliwa.

Kigoda changu cha mpera kina miguu mitatu na kimeshapitisha misimu minne ya mvua. Maungo yake yako matatu. Mawili yamefunika kovu, huwezi tena kuonyesha tawi lipi lilitoka mguu upi. La tatu lina mstari mweusi wa gome upande wa ndani, mwembamba kama uzi, ambao Novemba iliyopita ulikuwa na upana wa kidole. Uzi huo ukifunga, nitatafuta msumeno mwezi Julai.